Friza, mkaa na LUKU: jibu kwa mama mwenye duka Mikindani

Swali: Kaka fundi, salaam. Nina duka la rejareja Mikindani, Mtwara, huu ni mwaka wa tisa. Ndani nina friza ya kulala ya samaki na barafu, friji ya kioo ya soda na maji, na jenereta ndogo ya petroli kwa siku umeme ukikatika. Mlangoni nauza mkaa wa visado. Binti yangu yuko chuo, na kila akija likizo ananiambia duka langu linachangia mabadiliko ya tabianchi: friza, jenereta, mkaa, mifuko, vyote. Jirani yangu amefunga sola ya milioni nne na sasa ananicheka. Mimi nina milioni moja na laki mbili, na hiyo nimeitoa kwenye malipo ya korosho. Nianze na lipi, nisije nikaokoa dunia huku duka linafungwa?

Jibu:

Dada yangu, salaam zimefika. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka kwa ile sentensi ya mwisho, maana ndiyo wanayoniuliza wenye maduka kuanzia Kilwa Masoko mpaka Nanyamba, ila wengi huizungukia.

Binti yako hajakosea. Alichofanya ni kukuwekea vitu vinne kwenye kapu moja kana kwamba vina uzito sawa. Mifuko, kwa mfano, mimi ningeiondoa kwenye kapu hilo leo hii. Mfuko wa rambo unaziba mtaro, unaingia baharini, unaliwa na kasa na ng'ombe, na kwa sababu hizo ulipigwa marufuku nchi nzima kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Ila kwenye suala la joto la dunia mchango wake ni mdogo ukiulinganisha na hiyo friji ya kioo inayonguruma nyuma yako usiku na mchana. Watu wengi huchanganya uchafu na tabianchi, wakaona wakishika mfuko wa kitambaa kazi imekwisha. Wewe fuata sheria ya mifuko, basi, tuhamie kwenye mambo mazito.

Tuwekane sawa pia kuhusu ukubwa. Mtanzania mmoja, kwa wastani, hatoi hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani anazidi tani 13. Duka lako halikuleta kimbunga Hidaya Mei 2024, na hata ukilifunga kesho, vimbunga havitapata habari. Lakini Hidaya ndiyo iliyokata barabara ya Dar kule Somanga, na sisi wa kusini tukakaa tukiangalia rafu zikipungua. Kwa hiyo katika jambo hili wewe ni mwathirika kwanza, mchangiaji baadaye, na kidogo. Nasema hivi usije ukakaa kwenye kaunta umebeba dhambi za watu wengine.

Ulicho nacho wewe ni hasara. Kwenye duka la aina yako, sehemu kubwa ya gesijoto inayotoka ni pesa yako mwenyewe inayotoka kupitia tundu lilelile. Ukiziba tundu la pesa, umeziba na lile la hewa, wala huhitaji kuchagua. Pale ambapo vitu hivyo viwili vinagombana kweli ni sehemu moja tu, mkaa, na nitaufikia. Kwanza twende kwenye baridi.

Mimi nimeanza kazi kama fundi wa majokofu, kwa hiyo nisamehe nikikaa hapa muda mrefu. Fanya hivi. Leo jioni ukishafunga duka, zima taa, feni, redio, chaja, kila kitu, ubakize friza ya kulala peke yake. Angalia LUKU yuniti zilizobaki, andika kwenye daftari la madeni ukurasa wa mwisho pamoja na saa. Asubuhi kabla hujafungua, angalia tena. Kesho usiku fanya hivyohivyo na friji ya kioo peke yake. Samaki wa kwenye friza iliyojaa na kufungwa hawatadhurika kwa usiku mmoja, mradi usifunue mfuniko. Ukitoa namba ya asubuhi kwenye ya jioni, utajua nani anakula umeme wako. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Nilifanya zoezi hili na mwenye duka mmoja mtaa wa Ndoro, Lindi, jirani na mashine ya kusaga. Alikuwa na vifaa kama vyako, na alikuwa ameshaapa kwamba mlaji ni friza, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo kuukuu. Kwa saa kumi za usiku friza ilikula yuniti 1.2. Friji ya kioo ilikula 3.4. Tukaisogeza kutoka ukutani. Nyavu za nyuma, zile zinazotoa joto, zilikuwa zimevaa koti jeupe: unga wa dona wa miaka mitatu, umegandamana na vumbi na mafuta mpaka huoni waya. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika kona ya chini, mahali ambapo watoto wanaonunua juisi hukanyaga kwa kiatu. Nikachukua noti ya shilingi elfu, nikaibana mlangoni, nikaivuta: ikatoka bila kubishana. Mpira mzima unaishika noti mpaka unaogopa kuichana. Na kitufe cha baridi kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, kwa sababu mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba soda haijapoa.

Tulisafisha kwa brashi ya rangi na kitambaa, tukabadili mpira, tukaiacha nafasi ya kiganja kati ya friji na ukuta, tukarudisha kitufe katikati. Usiku uliofuata ikala 2.1. Tofauti ya yuniti 1.3 kwa saa kumi ni kama yuniti tatu kwa siku nzima. Kwa bei ya biashara ndogo, ambayo pamoja na kodi zake inacheza kwenye shilingi 350 kwa yuniti, hiyo ni zaidi ya shilingi elfu moja kwa siku, elfu thelathini na ushei kwa mwezi. Mpira na kazi havikufika laki moja. Na kwa kuwa umeme wetu wa kusini kwa miaka mingi umekuwa ukifuliwa kwa gesi asilia ya Mnazi Bay, hapo Mtwara, ambapo kila yuniti ina karibu nusu kilo ya hewa ukaa nyuma yake, yule bwana amepunguza takriban nusu tani kwa mwaka bila kujua. Alichokijua ni ile elfu thelathini.

Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, duka lenye bati jeusi bila dari linakuwa tanuri, na friji inalazimika kutupa joto ndani ya joto. Kwa hiyo angalia na mahali ilipo. Isiwe ukuta unaopigwa na jua la jioni, isiwe kando ya jiko la chapati. Bati likipakwa rangi nyeupe, hata chokaa ya kurudia kila mwaka, utaona tofauti kwa mgongo wako kabla hujaiona kwenye LUKU.

Kuna jambo lingine ambalo wenye maduka hulipinga mpaka walijaribu: friji ya kioo yenye soda, maji na juisi za boksi ambazo hazijafunguliwa haina sababu ya kuwaka usiku. Soda haiozi. Zima saa ya kufunga, washa alfajiri ukiamka kuswali au ukianza kufagia, na ifikapo saa nne asubuhi mteja wa kwanza mwenye kiu anakuta baridi yake. Sharti ni kwamba maziwa, mtindi na soseji visikae humo, vihamie kwenye friza au friji nyingine. Kama unaweza kupata saa ya kuzimia ya kuchomeka ukutani, nunua, kwa sababu binadamu husahau.

Sasa gesi iliyomo ndani. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Geuza friza, karibu na kompresa utaona kibandiko chenye herufi na namba. Kikisema R134a, ndani kuna gesi ambayo gramu kwa gramu inakamata joto kama mara 1,400 kuliko hewa ukaa. Friza ndogo hubeba kama gramu 150 za gesi hiyo. Fundi akija, akakata bomba, ukasikia "pssss" mpaka ikaisha, ameachia hewani kitu sawa na kuchoma karibu lita 90 za petroli. Bodaboda wako wa kijiweni anatembea nazo wiki nyingi. Kisha anakujazia upya, hazibi panapovuja, na baada ya miezi minne unamwita tena. Niliwahi kuletewa friza iliyojazwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja na fundi mmoja ambaye simtaji. Tundu lilikuwa la kulehemu kwa dakika kumi, na mwenye duka alishalipa gesi ya kutosha kununulia nusu ya friza nyingine.

Kwa hiyo sheria yako iwe moja: hakuna kujaza gesi kabla tundu halijaonekana na kuzibwa. Mwambie fundi akupake povu la sabuni kwenye viungio, uone mapovu kwa macho yako. Na siku ukinunua friza mpya, tafuta kibandiko cha R600a. Hiyo nguvu yake ya kukamata joto ni chini ya mara 10, friza inahitaji gesi kidogo zaidi, na kwa kawaida inakula umeme kidogo. Ubaya wake ni kwamba inawaka moto, hivyo fundi wa kulehemu huku sigara iko mdomoni asiiguse. Dunia ilikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii ya R134a, kama ilivyokubaliana Montreal mwaka 1987 kuziondoa zile zilizokuwa zinatoboa tabaka la ozoni. Tafsiri yake kwako ni ya kibiashara tu: kadiri miaka inavyokwenda gesi ya zamani itakuwa adimu na ghali, na friza ya mtumba unayouziwa leo kwa bei ya kutupa inakuja na deni hilo ndani yake.

Jenereta. Hapa sina maneno mengi, hesabu inajisemea. Ukiiwasha saa nne kwa ajili ya friza na friji, inakunywa kama lita tatu. Weka lita shilingi elfu tatu kwa hesabu ya mdomo: elfu tisa. Katika saa hizo nne vifaa vyako havijala hata yuniti mbili, ambazo LUKU ingekutoza shilingi mia saba. Umelipa zaidi ya mara kumi, umechoma karibu kilo saba za hewa ukaa, na jirani amekusemea kwa mwenyekiti wa mtaa kwa kelele.

Dawa yake ni chumvi, na chumvi sisi watu wa mwambao hatuagizi. Chukua chupa tupu za maji za lita moja, ishirini hivi. Jaza maji, acha nafasi ya vidole vitatu juu, weka vijiko vikubwa sita vya chumvi katika kila moja, tikisa. Maji matupu yanaganda na kuyeyuka kwenye sifuri. Ya chumvi kiasi hicho yanashuka mpaka kama nyuzi sita chini ya sifuri, na wakati yanayeyuka yanavuta joto kutoka kwa samaki wako badala ya samaki kuyeyuka wao. Zipange juu ya samaki, si chini, kwa kuwa baridi hushuka. Friza iliyojaa namna hiyo na isiyofunuliwa inavuka kukatika kwa umeme kwa saa sita, nane, hata usiku mzima. Jenereta ibaki kwa siku ile mbaya kabisa. Na bandika karatasi kwenye mfuniko umeme ukikatika: "Samaki mpaka umeme urudi." Mteja atanuna kidogo, ila samaki aliyelainika ukamgandisha tena ni hatari, na atanuna zaidi akiumwa tumbo.

Jirani wa sola muache acheke. Mfumo wa kilowati moja kwa jua letu unatoa kama yuniti nne kwa siku nzuri, yaani shilingi 1,400 za LUKU. Kwa mwaka haifiki laki tano na nusu. Milioni nne zinarudi baada ya miaka minane hivi, na kama sehemu kubwa ya hizo milioni ni betri za asidi, betri zitakufa katikati ya safari. Sola ni kitu kizuri, mimi mwenyewe ninayo nyumbani. Lakini ukiifunga juu ya friji yenye mpira uliochanika, unanunua paneli za kulisha tundu. Punguza ulaji kwanza, na ukija kufunga, funga paneli za kusukuma friji mchana jua likiwaka, na betri ndogo ya taa na chaja. Uliza pia vyuma vya kushikia paneli ni vya nini. Hapo Mikindani hewa ya bahari inakula bolti za kawaida kwa misimu michache.

Haya, mkaa.

Sitakuambia acha kesho. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa nyuma ya kaunta jioni saa kumi na mbili, mama amekuja na shilingi elfu tatu, anataka kisado cha mkaa, unga, mafuta ya kupimiwa na nyanya mbili. Ukimwambia mkaa hakuna, anavuka barabara na elfu tatu yake yote. Lakini pia sitakuambia mkaa hauna neno. Matanuru ya kienyeji ya udongo yanakula kilo sita mpaka kumi za mti kutoa kilo moja ya mkaa, na miti hiyo inatoka kwenye misitu ya Lindi na Mtwara ileile inayotuletea kivuli, asali na mvua. Hapa maslahi ya duka na ya hewa yanavutana kweli, na mtu akikwambia hayavutani anakudanganya.

Cha kwanza, jua mkaa unakuingizia nini. Wiki moja tu: kila mteja wa mkaa mwekee alama, na andika alichochukua pamoja nao. Wengi niliowashauri waligundua kwamba faida ya mkaa wenyewe, ukitoa vumbi la chini ya gunia, ushuru na gunia lililolowa mvua, ni ndogo ajabu. Faida iko kwenye unga na mafuta vinavyoufuata. Kwa maneno mengine unauza mkaa ili kumvuta mtu mlangoni, na hapo unaweza kujiuliza ni kitu gani kingine kinaweza kumvuta yuleyule kwa sababu ileile, yaani moto wa jikoni.

Jibu la wazi ni mtungi wa gesi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishapewa mpaka mwisho wa Januari 2024 kuacha kuni na mkaa. Mimi huwa nasoma matangazo ya namna hii kama mfanyabiashara anavyosoma mawingu. Unakumbuka viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku Machi 2017? Unakumbuka rambo 2019? Waliokuwa na maboksi stoo siku ile walilia. Waliokwisha kupunguza mzigo na kuleta kitu mbadala hawakujua kama kuna msiba. Mkaa haujapigwa marufuku kwa watu wa nyumbani, na sitabiri lini. Ninachoona ni upande ambao upepo unaelekea.

Nijibu na lile ambalo najua utaniuliza, kwa kuwa hakuna mtu wa Mtwara ambaye hajaniuliza: gesi inatoka kwetu, mbona mtungi unatoka Dar? Ni kwa sababu gesi ya Mnazi Bay ni ya aina nyingine. Inasafiri kwa bomba, haikai kwenye mtungi wa kawaida wa jikoni. Ile ya mtungi hupatikana mafuta ghafi yakisafishwa au gesi asilia ya aina nyingine ikichakatwa, na huku kwetu inaingia kwa meli. Kuna nyumba mjini zilizounganishwa bomba la TPDC, shirika la mafuta la taifa, na siku bomba likifika mtaani kwako biashara ya mitungi itabadilika, ila sikushauri kuisubiri. Na ndiyo, gesi ya mtungi nayo inatoa hewa ukaa. Ni afadhali kuliko mkaa wa mti ambao haupandwi tena, hilo tu ndilo ninalodai.

Anza na mitungi midogo ya kilo sita, kama minane, ukiwa chini ya wakala wa jumla ambaye atakuongoza kwenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, na masharti ya Zimamoto. Mtaji wako utakwama kwenye vyuma, na faida ya kujaza upya ni nyembamba, kwa hiyo usitarajie muujiza mwezi wa kwanza. Kinachokufanya ushinde ni mizani. Watu wa mtaani wanaamini mitungi inapunjwa, na pengine wana sababu. Weka mizani kaunta, pima mtungi mbele ya mteja ukiutoa na akiurudisha, mwonyeshe uzito mtupu uliopigwa mhuri kwenye chuma. Duka linalopima hupata wateja kutoka mtaa wa pili. Mitungi ikae nje penye hewa, kwenye kizimba cha nondo, mbali na huo mkaa na mbali na jenereta.

Kwa anayebaki kwenye mkaa, na watabaki wengi, maana mtungi ukiisha katikati ya mwezi mtu anahitaji kitu cha shilingi mia tano, nunua mkaa wenye kibali na risiti za TFS, wakala wa misitu, usinunue wa kuingia usiku. Weka majiko banifu mawili matatu pembeni yake. Jiko zuri linapunguza mkaa wa mama yule kwa kiasi atakachokiona ndani ya wiki, na utauza jiko kwa faida ambayo visado vingi havikupi. Ukipata mtu anayechoma mkaa wa vifuu, chukua. Mwambao wote huu tunatupa vifuu, na mkaa wake ni mgumu, unawaka muda mrefu. Ila mtu akikuletea maganda ya korosho mabichi akakwambia ni kuni, mkatalie. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na moshi wake jikoni kwa mtu ni balaa. Kiwandani wana namna yao ya kuyatumia; sufuria ya ugali si mahali pake.

Mzigo nao, kwa kifupi. Huku ndiko mwisho wa barabara, kila katoni imetembea zaidi ya kilomita 500. Vifurushi vidogovidogo vya kwenye basi kila wiki vinakula faida na mafuta. Ungana na wenye maduka wawili watatu, mwagize pamoja mara mbili kwa mwezi, na ongea na madereva wa malori ya saruji yanayopanda Dar, maana wakishuka wanatafuta cha kubeba. Chumvi, unga wa muhogo, choroko, mbaazi, nunua hapahapa. Na kuanzia Machi, kabla ya masika kukolea, jaza stoo vitu visivyooza kwa wiki tatu, juu ya vichanja, siyo sakafuni. Hili halipunguzi gesijoto yoyote. Ni kwa ajili ya siku barabara itakapokatika tena na duka lako likiwa ndilo lenye sukari.

Sasa milioni moja na laki mbili yako. Laki moja na nusu iende kwenye mpira, usafi, povu la sabuni na rangi ya bati. Elfu ishirini kwenye saa ya kuzimia na chumvi. Laki saba kwenye mitungi, kizimba na mizani, baada tu ya kuzungumza na wakala. Inayobaki usiiguse, iache iwe ya mzigo wa Machi, maana wateja wako wa kukopa hawatalipa mpaka korosho za msimu ujao ziende mnadani, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Na ukisikia kishawishi cha kurudishiwa mkopo wa unga kwa korosho za kangomba, zile zinazochukuliwa kwa mkulima kwa magendo nje ya mnada, jizuie. Ni kosa kisheria, na ni kumla mkulima yuleyule anayekujia na elfu tatu yake.

Ukishapima usiku mbili hizo, niandikie namba tatu: yuniti za friza, yuniti za friji ya kioo, na kilichoandikwa kwenye vile vibandiko vya nyuma. Kama friji ya kioo imezidi yuniti tatu kwa saa kumi hata baada ya kubadili mpira, usimwite fundi wa gesi kabla hujaniambia. Na binti akirudi likizo mpe yeye kazi ya kufagia zile nyavu.